Zamu Kumi na Saba za Sefania

"Mimi nataka kurudi nyumbani," alisema Bibi Namkunda Mshana, "na nyumbani kwenyewe ni Kondoa."

Eliwaza Mgonja, afisa ustawi wa jamii, aliandika Kondoa, akalitazama lile neno, kisha akaweka alama ya kuuliza mbele yake. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, huko Mbaga, juu kabisa milimani Upare, ukungu haujaondoka kwenye migomba. Sheria ilimpa mpaka saa sita. Kila mzee aliyesahau akashonwa kumbukumbu upya alikuwa na siku yake ya kusikilizwa: aulizwe asubuhi, kichwa kikiwa bado chepesi, anataka kuishi wapi na nani amtunze. Atakalosema linaandikwa na kupigwa muhuri, na hakuna mtoto wala mjukuu wa kulipangua.

Wazee wengi husema wabaki walipo. Wengine hutaka kwenda kwa binti fulani na si kwa fulani, na hapo afisa anakuwa na kazi ya kutuliza ndugu walionuna. Hayo Eliwaza alikuwa ameyazoea kwa miaka tisa. Kondoa hakuitegemea hata kidogo.

"Bibi, mbona hapa ndipo kwako? Nyumba hii mliijenga wewe na marehemu mzee."

"Najua. Usinitazame hivyo, sijachanganyikiwa. Nyumba hii naifagia kila siku, nitaisahau vipi?" Bibi alisema hivyo huku fimbo yake ya magurudumu imeegeshwa kando ya kiti. Miaka sita sasa alikuwa hajashika ufagio. "Nakwambia nyumbani. Kuna mlango wa bati, wa bluu. Ukiufungua unakwaruza chini, kwa hiyo mama anakusikia kabla hujaingia. Udongo wa kule ni mwekundu, unapanda mpaka hapa." Alijigusa kifundo cha mguu. "Mama amekaa pale mlangoni ananisubiri. Nilimwambia nitakuja mwezi wa nane."

Eliwaza alipekua faili. Umri, miaka themanini na minane. Kazi, karani wa Mahakama ya Mwanzo kwa miaka thelathini na mmoja. Nje ya Upare hakuwahi kuishi, ukiacha wiki mbili za mafunzo Moshi. Mama yake mzazi alizikwa papo hapo Mbaga, nyuma ya kanisa, kabla Eliwaza hajazaliwa.

"Faili inasema hujawahi kuishi Kondoa, bibi."

Bibi Namkunda aliinua kidole, kidole kilekile kilichowanyamazisha mashahidi wa kesi za mipaka na ng'ombe kwa miaka thelathini na mmoja.

"Aliyeandika hiyo faili," aliuliza, "aliona mwenyewe au aliambiwa?"

Eliwaza aliomba ruhusa atoke kidogo.

*

Barazani alimkuta Sefania, mtoto wa kwanza wa Bibi, ameketi na viatu vyake vya mjini vimefungwa kamba barabara. Alikuwa ametoka Mwanza jana yake, mtu wa miaka hamsini na saba mwenye maneno machache na saa mbili mkononi, moja ya wakati na moja ya mapigo ya moyo. Mezani mbele yake palikuwa na ombi lililokwisha kujazwa: viraka vyote vya kumbukumbu alivyoshonewa mama yake vifumuliwe, kisha mama ahamie Mwanza. Kilichokosekana ni sahihi ya Eliwaza.

"Amekwambia habari za Kondoa?" Sefania aliuliza.

"Ameniambia, mzee. Mna ndugu huko?"

"Hatuna hata jirani. Kile kituo cha kushonea kumbukumbu kimemharibu mama yangu. Tulikubali ashonwe kwa sababu alikuwa hatujui hata kwa majina. Sasa anatujua, lakini anatujua vibaya." Alilitazama ombi lake. "Jana nilipoingia alinisalimia vizuri sana. Halafu akaniambia, 'Wewe Krismasi ulikaa dakika arobaini. Nikakuletea chai, hata hukuinua macho.' Mbele ya watu, dada yangu. Sikulala."

"Na ni kweli?"

"Dakika arobaini labda ni kweli, nilikuwa na safari. Lakini chai!" Sefania aligeuka, na kwa mara ya kwanza alionekana si mtu aliyekasirika bali mtu aliyepotea. "Mama hawezi kubeba hata kikombe. Mimi nikija hapa chai inaletwa na dada wa nyumbani."

Eliwaza alihisi kitu kinasogea kichwani, ila hakijakaa sawa. Bibi anafagia. Bibi anapeleka chai. Alirudi ndani, akapita sebuleni kimya hadi ukutani palipotundikwa kofia ya kushonea, kofia nyeusi ya wavu mwepesi inayotoshea kichwa chochote. Ndugu huivaa nusu saa na kukumbuka jambo waliloliishi pamoja na mgonjwa. Jioni mgonjwa anaivaa yeye, na jambo lile linashonwa pale palipotoboka. Chini ya kofia lilining'inia daftari la zamu. Watoto watatu wa Bibi, Sefania, Ndekirwa na Yonazi, walikuwa wamegawana wiki, na kila zamu ilikuwa na sahihi. Sefania alikuwa na zamu kumi na saba. Sahihi zote zilikuwa nadhifu, zimenyooka kwenye mstari.

Alilichukua daftari hadi barazani, akalifungua magotini pake.

"Mzee Sefania, hizi zamu zako ulikaa mwenyewe?"

Sefania alivua miwani, akaivaa tena. "Mara nyingine nilikuwa nampigia simu dada wa hapa nyumbani anikalie. Unajua kazi zetu."

"Mara ngapi?"

"Si nyingi."

"Katika kumi na saba?"

Jogoo wa jirani aliwika mara mbili kabla Sefania hajajibu. "Nilijua Ndekirwa na Yonazi wanakaa," alisema. "Mgonjwa wa watu watatu hakosi mtu."

Eliwaza hakuhitaji kuwapigia Ndekirwa na Yonazi. Aliijua familia hii kwa sababu alizijua familia zote. Mgonjwa akilazwa, ukoo unapanga zamu; anayebanwa anamtuma mwingine, na huyo mwingine anatia sahihi kwa jina la aliyemtuma ili asije akaaibika kikaoni. Hata damu hutolewa hivyo. Hakuna anayeuona huo kuwa udanganyifu, mradi mgonjwa hakubaki peke yake. Na kofia haikuuliza kitambulisho, iliuliza jina tu.

*

Fundi wa kituo alipokea simu huku anatafuna kitu. Eliwaza alimweleza, naye akaacha kutafuna.

"Ngoja nifungue ramani yake. Hapa nina majina matatu, viraka sitini na kimoja." Alivipitia harakaharaka. "Lo! Majina matatu, lakini uzi ni mmoja. Kila kichwa kina uzi wake, afisa, kama mwandiko. Hivi vyote vimetoka kwa mtu mmoja."

"Na kufanana na maisha ya bibi vimefananaje, kama mtu huyo si mtoto wake?"

"Kiraka hakishiki hewani. Kinatafuta ukingo, yaani kipande cha kumbukumbu ya mgonjwa mwenyewe kilichobaki, kinajishona hapo. Huyo mtu ameishi naye nyumba moja miaka mingi, kingo ziko tele. Shida ni kwamba kiraka kinavuta na majirani zake. Ukikumbuka harusi yako, viatu vilivyokubana vinakuja humohumo. Hukutaka kuvitoa, lakini vimeshatoka."

"Tukifumua?"

"Tunafumua kwa uzi. Uzi ni mmoja, vitatoka vyote sitini na kimoja."

"Atabaki na nini?"

Fundi alihesabu kwa sauti ndogo. "Mahakama ipo, ile ni yake kabisa. Kanisa, kidogo. Jina lake mwenyewe, nafikiri. Watoto, hapana."

Eliwaza alikata simu akabaki amesimama koridoni. Alitaka mtu mzima amwambie la kufanya, kisha akakumbuka kuwa mtu mzima aliyetumwa kufanya ni yeye.

*

Mwajabu Swalehe, dada wa nyumbani, alikuwa jikoni anachambua maharage ya makande. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, kumi na mmoja kati ya hiyo akiwa katika nyumba hii. Watoto wa Bibi walimwita dada, ingawa hakuna aliyejua vizuri alikotoka.

"Shikamoo mama," alisema Eliwaza.

"Marahaba. Karibu kigoda." Mwajabu hakuinua uso. "Umeshajua."

"Kwenu ni Kondoa?"

"Kondoa. Mlango wa bluu ni wa mama yangu." Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa dirishani. "Naapa sikukusudia. Wakinipigia simu nivae kofia, nilijitahidi kuwakumbuka wao. Picha za ukutani, nani alizaliwa lini. Bibi alinisimulia yote hayo kabla hajaugua, jioni kwa jioni. Jinsi kaka Sefania alivyozaliwa kwenye lori la tangawizi, njiani kwenda hospitali. Nilimrudishia kama alivyonipa."

Eliwaza alijaribu kulifuata hilo akashindwa, akajaribu tena. Bibi alimsimulia Mwajabu, Mwajabu akamshonea Bibi. Basi siku hizi Bibi akikumbuka kuzaliwa kwa mwanawe, haoni lori. Anauona uso wake mwenyewe, umekaa kwenye kile kiti, unasimulia habari za lori.

"Lakini nusu saa ni ndefu," Mwajabu aliendelea. "Umekaa kimya, umefumba macho, hakuna anayekuita. Sina wakati mwingine kama huo katika nyumba hii. Akili ilikuwa inaondoka yenyewe inakwenda kwa mama. Mama alifariki nikiwa hapa, mwanangu. Sikumzika."

"Kwa nini hukwenda?"

"Ilikuwa zamu ya kaka Sefania, hakuja."

Alisema hivyo bila hasira yoyote, na Eliwaza alitamani angekasirika. Yeye mwenyewe alikuwa na lake. Baba yake alipopasuliwa tumbo, Eliwaza alikuwa masomoni Dodoma, na jirani mmoja akatoa damu kwa jina lake. Mzee alipona, akawa anamsifu kwa kila mgeni, "Damu ya binti yangu hii," na Eliwaza akatabasamu miaka minne mpaka wakamzika. Kituo kingetaka amshitaki Mwajabu kwa kughushi. Angeanzaje?

"Utanifukuzisha?" Mwajabu aliuliza.

"Sijui. Kweli kabisa, mama, sijui hata naandika nini. Akienda Kondoa, anakwenda kwa matakwa yako. Akienda Mwanza, anakwenda kwa matakwa ya mwanawe. Nikisaini afumuliwe, hana matakwa tena. Natakiwa niandike matakwa ya Bibi, na mimi sijui nimtafute wapi."

Mwajabu alifunika sufuria. "Muulize mwenyewe," alisema. "Mimi nikikwama huwa namuuliza yeye."

*

Saa tano kasoro robo Eliwaza alirudi sebuleni. Kanuni ya kituo ilikataza kumwambia mgonjwa kipi ni chake na kipi cha kushonwa, kwa hofu ya kumvuruga. Lakini huyu alikuwa karani wa mahakama, na kumficha shauri lake mwenyewe Eliwaza aliona ni kumdharau.

"Bibi, nina maelezo ya kukusomea."

"Soma taratibu."

Alimsomea yote: daftari la zamu, sahihi, uzi mmoja, mlango wa bluu. Mwajabu alisimama karibu na mlango wa jikoni huku amekunja kanga mikononi. Sefania alikuwa kwenye mlango wa baraza, hakuingia wala hakuondoka. Bibi Namkunda alisikiliza amefumbata mikono, na mara mbili alitikisa kichwa kama mtu anayehakikisha kwamba tarehe zinalingana.

"Kwa hiyo ule mlango mimi sikuuona."

"Hukuuona, bibi. Aliuona Mwajabu."

"Basi mimi niliambiwa."

"Hukuambiwa pia. Ulishonewa. Sijui hilo linaitwaje."

"Hata mimi silijui," alisema Bibi. "Katika daftari letu la mahakama hapakuwa na safu yake." Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mkoba. Kisha aligeuka kidogo kitini. "Mwajabu. Huyu mama aliyekaa mlangoni, tuliyemwambia mwezi wa nane. Yuko wapi sasa?"

Mwajabu aliibana kanga mikononi. "Amefariki, bibi."

"Lini?"

"Mwaka wa tatu huu. Mwezi huohuo wa nane."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hapa. Na mimi nilikuwa hapa. Nilimpigia kaka aje akae nawe, akasema wiki ijayo. Nikajisemea nikiondoka utabaki na nani."

Bibi Namkunda aliweka mikono kichwani. "Mama yangu!" alilia. "Mama yangu mimi, na nilisema nitakuja! Amekaa pale mlangoni mpaka lini? Mbona hamkuniambia?"

Kilio chake kilikuwa cha binti wa miaka hamsini, hakikuwa cha kikongwe. Mwajabu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa ameosha vyombo, amechemsha maji na kujibu "nzuri" kila alipoulizwa habari za nyumbani, aliachia kanga ikaanguka. Alipiga magoti, akaweka kichwa mapajani pa Bibi, akalia kwa sauti mpaka majirani wakasogea uani. Walikuwa wanawake wawili wanaomlilia mama mmoja. Eliwaza alisimama na faili yake, machozi yanamtoka, hajui ampe pole nani kwanza wala kama ni msiba mmoja au miwili.

Aliyejua la kufanya alikuwa Sefania, au pengine hakujua ila mwili wake ulijua. Aliinama pale mlangoni, akafungua kamba za viatu, akaviacha nje. Aliingia na soksi, akaketi chini mkekani miguuni pa wale wawili, mahali anapokaa mtu aliyekuja msibani.

"Poleni," alisema. "Pole mama. Pole dada Mwajabu." Akarudia tena, kwa sababu hakuwa na neno jingine.

*

Saa sita kasoro dakika kumi Eliwaza alikuwa bado na nafasi mbili tupu kwenye fomu. Kwenye makazi anayoyataka alikuwa ameandika kama alivyotamka Bibi: Kondoa, siku arobaini za maombolezo, pamoja na mtunzaji wake Mwajabu Swalehe, kisha asikilizwe tena. Chini yake aliandika ukweli, kwamba zamu zote zilikaliwa na huyohuyo Mwajabu, na kwamba afisa anaomba jina lake liandikwe panapostahili. Kituo kingepiga kelele, waache wapige.

"Hapa wanataka sababu, bibi," alisema.

"Andika amefiwa."

"Watauliza amefiwa na nani."

"Watauliza wao. Wewe ulichokiona ni nini?"

Eliwaza aliutazama uso wa Bibi uliovimba, akaandika amefiwa, akatia muhuri. Hakuwa na hakika kama amefanya kazi yake au ameiharibu, na hakika hiyo hakuipata siku ile wala baadaye. Nafasi ya pili, ya kufumua, aliiacha tupu, akalisukuma lile ombi mbele ya Sefania bila kulisaini. Sefania alilichukua ombi lake, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni.

Ilikuwa Jumanne, na Jumanne ile daftari lilisema ni zamu ya Sefania. Kwa mazoea Mwajabu alijifuta macho, akainuka kwenda ukutani kuichukua kofia.

"Kaa, dada," alisema Sefania.

Aliitundua mwenyewe, akaivaa kinyume, Mwajabu akamgeuzia. Kofia iliuliza jina, akalitaja. Kisha alibaki ameketi mkekani, mikono magotini, mtu mzima mwenye mvi, na hofu ilikuwa imemjaa usoni.

"Mama, nikumbuke nini?"

"Chochote," alisema Bibi Namkunda, "mradi uwe umekiona mwenyewe."

Sefania alifumba macho. Nusu saa nzima hakuna aliyejua amepata kitu au hakupata. Mwajabu aliepua makande jikoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi katika nyumba ile, akaja nayo sebuleni akaketi kula na wenzake. Kofia ilipolia, Sefania aliivua, akaomba kalamu, akalifungua daftari kwenye ukurasa wa jina lake na kutia sahihi chini ya zile kumi na saba. Herufi zilipinda, zikauvuka mstari. Eliwaza alichungulia juu ya bega lake. Kati ya sahihi zote kumi na nane, hiyo peke yake ndiyo iliyoonekana ya kughushi.